Vipande Viwili Vyeusi Chini ya Birika

Vuta kiti ukae upande huu upepo unapopita, nikueleze kazi ambayo wengi huikimbia kwa kudhani ni ya wanaume waliopakaa grisi mpaka viwikoni. Si kazi ngumu. Kama unaweza kukata kola, ukaishona, ikakaa shingoni mwa mtu bila kujikunja, basi unaweza pia kufungua kabureta ya gari la zamani, ukabadilisha gasketi zake, yaani karatasi nene za kuziba maungio, ukarudisha vizuia joto mahali pake, na gari likaenda. Mimi ni fundi wa cherehani. Kazi hii niliifahamu kwa sababu ya wivu, na wivu ni mwalimu asiyekupa likizo.

Nyumba yetu iko Muyeye, hapa Malindi. Barazani pana cherehani yangu na meza ya kukatia nguo. Ubavuni, chini ya mabati, pana gereji ya mume wangu. Ukuta wa matofali umetutenganisha, lakini yeye huisikia cherehani yangu ikikimbia, nami huzisikia spana zake zikianguka, na kwa milio hiyo kila mmoja hujua mwenzake leo yuko katika hali gani. Cherehani ikikimbia mfululizo, nina oda ya harusi. Spana zikitupwa badala ya kuwekwa, kuna nati imekatika.

Sasa gari lenyewe. Ni gari la kijani, dogo, la chini, halina paa; ni katika yale yaliyotengenezwa zamani kwa ajili ya mbio na kujionyesha, kabla mimi sijazaliwa. Lina viti viwili. Hilo uliweke akilini kabla ya mengine yote, kwa sababu habari nzima imekaa juu ya viti hivyo. Nyuma hakuna nafasi hata ya mtoto. Huwezi kusema, basi mke wa fundi naye atabanana huko.

Mwenye gari ni mwanamke wa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa mjini tangu enzi za babu zao. Humo dukani mwake ndimo ninamonunua uzi, bitana na zipu. Baba yake alilipenda sana gari lile, na alipofariki likawa lake. Ni wa rika langu. Nywele zake zimeingia mvi naye hazipaki rangi, na zinampendeza, jambo ambalo peke yake lilitosha kuniudhi.

Ugonjwa wa gari ulikuwa mmoja. Asubuhi likitoka Malindi liliimba. Lilipita Gede likiimba. Likifika Matsangoni, mwenyewe alipenda kusimama kununua madafu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Akishazima injini, akanywa dafu lake, akarudi kuwasha, gari halikubali. Lilikohoa, likatema harufu ya petroli, likanyamaza. Ilibidi kungoja mpaka lipoe.

Sababu yake ni nyepesi ukiielezwa pole pole. Kabureta ni kama kikombe. Inashika petroli kidogo, inaichanganya na hewa, na kuipelekea injini kinywaji chake. Katika gari lile zipo kabureta mbili, na zimekaa juu ya bomba la moshi, ambalo lina moto mkali. Gari likitembea, upepo unapita hapo na kupoza. Likisimama, upepo unakatika, lakini chuma bado kina moto, na moto kazi yake ni kupanda. Petroli huchemka upesi kuliko maji. Ikichemka kikombeni, injini inapewa mvuke, na mvuke hauwezi kuizima kiu.

Kwa sababu hiyo mwenye gari alimwomba mume wangu amsindikize kila Jumapili mpaka Kilifi, huko wanakokutana watu wenye magari ya kale wakatazamana maboneti na kunywa kahawa. Fundi akiwa kando, gari likigoma yupo wa kulitazama. Lilikuwa ombi la busara. Nami nililikubali kwa busara, Jumapili ya kwanza.

Jirani yetu wa pembeni ni mama aliyetoka bara, anayeuza chai na chapati. Jumapili huwa anaelekea kanisani saa zile zile gari lilipokuwa likitoka. Akirudi alinipitia.

"Mama, leo nimeona mzee wako," aliniambia siku moja, Biblia kwapani. "Amekaa hapo mbele kama bwana harusi. Miwani nyeusi, hata salamu hakuna."

"Miwani gani? Mume wangu hana miwani."

"Mimi nitajua? Labda ni ya yule mama."

Nikaendelea kushona. Mshono ule baadaye niliufumua wote.

Ukiwa na wivu unaanza kuyaona mambo yaliyokuwa mbele yako siku zote. Niliona kwamba Jumapili alivaa shati la kaki lenye mifuko miwili, nililomshonea mwenyewe kwa ajili ya Idi. Niliona kwamba alikata kucha Jumamosi. Niliona kwamba gari la kijani lilipolala gerejini kwetu, alilifunika kwa shuka letu la zamani, akalivuta pembe nne sawasawa, wakati kitandani shuka humshinda hata pembe moja. Na zaidi ya yote niliona jambo hili: huyu ni fundi anayefufua matrekta, watu wa mashamba humtafuta kutoka mbali, mpaka kule Junju. Iweje ugonjwa mdogo kama huu umshinde, Jumapili baada ya Jumapili, pahali pale pale?

Jumapili moja nilikuwa napeleka gauni la bibi harusi Kilifi. Mteja alinitumia gari la kunichukua. Nililaza gauni mapajani kama mtoto mgonjwa, na tulipofika Matsangoni dereva akapunguza mwendo kwa ajili ya matuta. Hapo nikaliona gari la kijani kando ya barabara, boneti wazi. Mume wangu ameinama juu ya injini, anapepea kabureta. Anapepea kwa kipepeo changu cha jikoni, ambacho nimekitia ukingo wa kitambaa chekundu kisifumuke, na ambacho nilikitafuta wiki nzima. Na kando yake amesimama mwenye gari, amelishika dafu, ameuelekeza mrija mdomoni mwa mume wangu, naye anafyonza huku anapepea.

Dereva akavuka tuta la mwisho, akaongeza mwendo. Mimi nikabaki nimeushika upindo wa gauni la watu kwa nguvu, mpaka Kilifi nikalazimika kuomba pasi.

Jioni aliporudi nilimuuliza kipepeo changu kiko wapi.

"Kipepeo gani?"

"Chenye ukingo mwekundu."

"Kitakuwepo tu hapo," akasema, akaenda kuoga.

Kesho yake nilivuka ukuta. Sikuenda kugombana. Niliingia gerejini na chai, gari la kijani likiwa limelala humo, nikakaa juu ya tairi, nikamwomba anielezee ugonjwa wa gari lile kama vile mimi ningemweleza mtu namna ya kutia pindo. Alishangaa, lakini hakuna fundi asiyependa kuulizwa kazi yake. Alinieleza vizuri. Alikuwa amebadilisha pampu, akavisha mipira ya petroli kitambaa kinene, akasafisha tangi. Kisha akanionyesha fahari yake. Kati ya kila kabureta na bomba la kuingiza hewa kwenye injini panakaa kipande kinene chenye tundu katikati. Yeye alikiita fiba. Vile vya asili vilipasuka zamani, mzee mwenye gari akiwa hai, na mzee akamwambia atengeneze vitakavyodumu. Naye akavichonga kwa alumini, kwa mkono, kwa tupa, akavisugua mpaka vikang'aa. Hata nilipochungulia ndani, kwenye giza la injini, niliviona vinameta.

"Hivi havipasuki mpaka kiama," akasema.

Nilimsifu, na nilimsifu kwa kweli. Kile cha kwanza alichokikosea tundu bado alikuwa nacho kwenye kopo la nati. Aliniwekea mkononi. Kilikuwa kizuri kama pambo.

Nikamuuliza kama hakuna vingine vya kununua. Akasema mwaka jana mwenye gari aliletewa na ndugu zake wa ng'ambo kifurushi chenye gasketi, na ndani yake mlikuwa na vipande vya namna hiyo, vyeusi. Gasketi alizitumia. Vipande alivitupa rafuni.

"Vya plastiki," akasema, akikunja uso. "Plastiki itakaa wapi karibu na injini? Siku hizi kila kitu wanatuletea plastiki."

Hapo usimcheke. Hapa kwetu fundi ameshaletewa vipuri vya uongo vya kila aina: vikombe vya breki vinavyovimba, vifuniko vinavyoyeyuka, chujio lililojaa karatasi ya choo. Mkono wake umejifunza kwamba kizito ni kizuri na chepesi ni cha wizi. Kwa mkono huo huo aliviona vile vipande vyeusi, vyepesi, akavihukumu.

Mimi nilijua viliko. Nilivichukua rafuni siku nyingi nyuma, kwa sababu vilikuwa bapa na safi, nikaviweka kwenye meza ya kukatia niwe naegesha birika juu yake. Meza ile ina alama nyeusi ya mviringo, kumbukumbu ya siku niliyoweka birika juu ya sinia ya alumini nikidhani nimeikinga. Sinia iliupitisha moto wote mpaka kwenye mbao. Tangu nilipopata vile vipande viwili sikuunguza tena kitu.

Mchana ule nilikuwa nakata kitambaa laini cha shifoni. Nikajimiminia chai, nikarudisha birika mahali pake, kisha nikalinyanyua tena, nikatia vidole chini ya vipande. Pakavu, baridi, kama hapakuwekwa kitu. Nikatazama ile alama nyeusi ya sinia. Nikatazama ukutani, upande wa gereji. Nikakaa na mkasi mkononi, shifoni ikateleza yote sakafuni.

Sikumwita hapo hapo. Nilingoja afunge kazi, anawe mikono, aje jikoni uani, mbali na petroli. Nikatenga kikaango cha chapati juu ya jiko. Nikaweka juu yake kile kipande chake cha alumini, na kando yake kimoja cheusi. Juu ya kila kimoja nikaweka kipande kidogo cha mshumaa. Kisha nikaketi. Yeye naye akaketi, akidhani kuna chapati.

Mshumaa juu ya alumini ukalegea, ukawa maji, ukatiririka kikaangoni na kutoa moshi. Ule wa juu ya cheusi ulisimama vile vile, na kona zake.

"Hiki cha plastiki," nikasema, "mbona hakijayeyuka?"

Akakinyanyua kwa kitambaa, akakigeuza, akakigonga kwa ukucha, akakinusa. 

"Basi si plastiki," akasema.

"Si plastiki."

"Vilikuwa wapi siku zote hizi?"

"Chini ya birika. Kila jioni unapomiminiwa chai, viko mbele yako."

Akatoa mguno uliokaribia kuwa kicheko. Niliona mafundo ya uso wake yakifunguka, kwa sababu alishaelewa: kile kipande hakipo pale kwa ajili ya nguvu. Kipo pale ili moto ufike na ukute mlango umefungwa. Na alumini yake nzuri, iliyong'aa, ilikuwa imeuacha mlango wazi na taa imewashwa.

Angesimama wakati huo huo kwenda kufungua boneti. Nikamshika mkono wa shati.

"Nakuuliza mara moja," nikasema. "Unataka gari lile lipone, au unataka liendelee kuumwa?"

Hakuniangalia. Aliliangalia jiko.

"Likipona, nani atanipakia tena?" akasema. "Mimi maisha yangu yote nalala chini ya magari ya watu, mama watoto. Lile peke yake ndilo ninalokaa juu yake."

"Na dafu?"

"Dafu gani?"

"La mrija. Matsangoni."

Akahesabu nani amemwona. "Mikono yangu ilikuwa na petroli," akasema.

Ningependa kukuambia moyo wangu ulitulia. Haukutulia. Mwanamke mwenzio unaweza kushindana naye. Utajifukiza udi, utapika biriani ya kumfanya mtu asahau njia. Gari la kijani utashindana nalo kwa kitu gani? Usiku ule nilipitia akilini uso wake wakati anasema maneno yale, na nikagundua kwamba sijawahi kuuona uso huo ukielekezwa kwangu tangu siku aliponiposa.

Hata hivyo kazi tuliifanya, na tuliifanya pamoja, nami nitakupitisha humo kama tulivyopita.

Kwanza ondoa waya wa betri, na hakikisha hakuna jiko wala sigara karibu. Funga mpira wa petroli. Ziondoe kabureta pole pole na uzilaze juu ya kitambaa safi. Kabla hujakwangua mabaki ya gasketi za zamani, ziba matundu ya bomba kwa vitambaa, takataka zisiingie injini. Mimi nilitumia vipande vya kitenge chenye rangi kali kwa makusudi, ili mtu asije akavisahau humo. Kwangua kwa kitu kisichochubua chuma. Sisi tulitumia mpini wa mwiko uliovunjika, tulioupasua ukawa na makali.

Gasketi mpya zilibidi kukatwa. Mume wangu hukata kama mafundi wote wa kwetu: analaza karatasi ya gasketi juu ya chuma chenyewe, anaigonga kwa nyundo ndogo kuzunguka ukingo mpaka karatasi inakatika. Ni njia ya haraka na ina mlio mzuri. Lakini bomba la gari lile ni la alumini, laini, na kila pigo lililoligonga limeacha kovu, na penye kovu hewa hupenya. Nikamwomba aweke nyundo chini.

Nilifanya hivi. Nilipaka grisi nyembamba kwa kidole juu ya uso wa chuma, nikalaza karatasi, nikaikandamiza kwa kiganja, nikaibandua. Umbo lote likatoka, na kila tundu lake, kama muhuri. Hiyo ndiyo ruwaza yako. Nikakata kwa mkasi wangu wa pili, maana mkasi wa kitambaa haukati karatasi hata kwa ajili ya ndoa. Kwa tundu la katikati, kata nje kidogo ya mstari, ili karatasi isichungulie ndani na kuzuia hewa. Kwa matundu madogo, chonga kipande cha bomba jembamba kiwe na makali, ukigonge mara moja juu ya ubao.

Mume wangu alisimama ananitazama. Akachukua gasketi niliyoikata, akaipeleka kwenye mwanga, akaipachika, ikakaa. Kisha akaniletea karatasi nyingine kabla sijaomba.

Jumamosi mwenye gari alifika baada ya kufunga duka. Alikuja na viatu vyake vya wazi, akakaa juu ya tairi langu. Tukasalimiana vizuri, kwa sababu nilikuwa bado nanunua zipu kwake. Akauliza kwa nini fundi wa nguo ameshika spana.

"Nimekuja kurudisha kipepeo changu nyumbani," nikamjibu.

Alinitazama, akamtazama mume wangu, ambaye ghafla alipata la kutafuta kwenye kopo la nati. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyefunuliwa kitu ambacho hakujua kimefunikwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeingiza mkono nyuma ya kabureta.

Maana sasa tulifika kwenye kupanga, na kupanga ndiko watu wanakokosea. Kutoka kwenye injini kuja nje, mpango ni huu: gasketi, kisha kipande cheusi, kisha gasketi, kisha lile bati pana linalokinga moto wa chini, kisha gasketi, kisha kabureta. Kila mahali pawili panapokutana panataka karatasi katikati. Usipake gundi ya silikoni. Najua mkono unawasha kupaka, lakini petroli huila, na vipande vyake vinakwenda kuziba njia ndogo za ndani. Karatasi kavu, iliyokatwa sawasawa, inatosha.

Nati za mbele kila mtu anazifikia. Za nyuma zimejificha kati ya kabureta na ukuta wa injini, na mkono wa mume wangu ni mpana. Miaka yote alizikaza kwa kubahatisha, kwa ncha ya spana. Mkono wangu umezoea kuingia kwenye mkono wa koti la mtoto kugeuza bitana. Uliingia. Nikazishika kwa vidole, nikazianza moja moja. Usikaze nati moja mpaka mwisho ukiacha nyingine. Kaza hii kidogo, hamia ya mkabala wake, kisha zile mbili zingine, kama unavyotia pini kwenye kwapa la gauni. Kipande cheusi kinazuia moto, lakini ukikibana upande mmoja kitapasuka, na ndivyo vile vya zamani vilivyopasuka.

Mwenye gari alitazama mpaka nati ya mwisho. Kisha akasema, "Basi kesho aliyefunga ndiye atakayekaa na mimi. Likigoma, nataka mkono uliomo humo."

Mume wangu alikuwa ameshalitoa shati la kaki kwenye kamba. Nililiona likining'inia begani mwake.

Nilikaa, basi, kwenye kiti cha pili. Kiko chini kuliko nilivyodhani. Unaiona dunia kwa usawa wa magurudumu ya wengine. Jirani yetu alikuwa anaelekea kanisani, nami nilimsalimia, tena kwa mkono. Tulipita Gede. Mwenye gari alikuwa kimya, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno ambalo angelisema, hivyo ukimya wake ulinichosha.

Matsangoni akasimama, akazima injini. Tukanunua madafu. Tukanywa kila mmoja kwa mkono wake.

"Mumeo hazungumzi na mtu," akasema ghafla, akikwangua nyama ya dafu lake. "Nikimwambia jambo ananyoosha kidole: nyamaza, sikiliza injini ile. Njia nzima, sikiliza ile. Nimemnunulia dafu anyamaze yeye."

"Na miwani?"

"Mdudu alimwingia jicho. Nikampa ili asilalamike."

Dafu likanipalia. Yeye akanipiga mgongoni. Tulikaa muda wote ambao moto unauhitaji kupanda, hata zaidi, makusudi. Kisha akarudi kwenye usukani, akageuza ufunguo, nami nikashika ukingo wa mlango kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali. Injini ikaitika mara moja.

Tulikwenda Kilifi, tukarudi. Mume wangu alikuwa amesimama nje ya gereji tulipofika, na kwa jinsi alivyosimama nilijua hakuketi tangu asubuhi. Jirani alikuwa ameshampitia. "Ameniambia uliendeshwa kama bibi harusi," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Hakuniuliza kama nilichoka. Aliniuliza: injini ilivuma vipi kwenye matuta? Ilipowaka Matsangoni, iliwaka kwa mkupuo mmoja au ilisitasita? Upepo ulikuwa unapiga kutoka upande gani? Nilijibu baadhi. Mengine niliyaweka. Aliweka kiganja juu ya boneti ya kijani na kukiacha hapo, na mimi nikasimama kando nikikiangalia kiganja kile, wivu wangu ukiwa mzima kabisa, ila sasa alikuwa nao na yeye, na kwa mara ya kwanza katika habari hii tulikuwa sawa.

Siku hizi Jumapili tunapokezana, mimi na yeye, nani atakaa kiti cha pili. Mwenye gari anasema hajali, mradi mtu azungumze. Birika nimelishonea mto wa viraka, kwa sababu vipande vyake vina kazi nyingine.

Limebaki moja, na wengi hulisahau. Gasketi mpya ikishapata moto hunywea, na nati iliyokuwa imekaza hulegea bila kukuambia. Kwa hiyo ukisharudi kutoka safari ya kwanza, liache gari lilale mpaka injini ipoe kabisa. Asubuhi fungua boneti, ingiza mkono mpaka nyuma, na uzikaze nati zote tena, kidogo kidogo, kwa kupokezana.